Uadimu Haujawahi Kuyeyusha Chuma

Juni 2022 Solomon Muyita, msemaji wa Wizara ya Nishati na Maendeleo ya Madini ya Uganda, aliliambia shirika la habari la Reuters kwamba utafiti umegundua tani milioni 31 za mawe yenye dhahabu nchini, na kwamba kutoka humo zinaweza kupatikana tani 320,158 za dhahabu safi. Habari ikatoka Kampala, ikavuka mipaka, na njiani ikavishwa bei: dola trilioni 12. Ni wachache waliochukua kalamu wakagawanya. Tani 320,158 ndani ya tani milioni 31 ni zaidi ya kilo 10 za dhahabu katika kila tani ya mwamba. Mgodi unaopata gramu 5 katika tani moja huhesabiwa kuwa mzuri, na ipo migodi mikubwa ya wazi inayoendeshwa kwa gramu 1 au pungufu. Tulichotangaziwa, kwa hiyo, ni mwamba wenye utajiri mara elfu mbili ya mgodi mzuri. Tena dhahabu yote ambayo binadamu amekwisha kuichimba, tangu enzi za mafarao, haizidi sana tani 200,000. Ukiandika kilo mahali palipoandikwa tani, hesabu inatulia yenyewe: gramu 10 kwa tani, kiasi ambacho mjiolojia yeyote angekipokea bila mshangao. Yaelekea hapo ndipo sifuri tatu zilipoongezeka.

Kosa la hesabu husahihishwa kwa mstari mmoja. Ninalotaka kulipinga hapa ni imani iliyolifanya kosa hilo limezwe bila kutafunwa: kwamba thamani ya metali imo ndani ya metali yenyewe, kwamba inatokana na uadimu wake, na kwamba aliyekalia metali adimu ni tajiri ambaye hajaamka tu. Imani hii inafundishwa darasani, inahubiriwa majukwaani, na vijana wanaikuta hata katika burudani. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika wa kubuni uliotolewa Marekani mwaka 1974 na kuzaa mingine mingi, kuna metali za ajabu kama mithrali na adamantini. Kanuni za toleo la mwaka 2003 zinasema silaha iliyofuliwa kwa adamantini inaongezewa vipande 3,000 vya dhahabu katika bei yake. Ni ongezeko lile lile, awe mhunzi ni nani, mkaa uwe umetoka wapi, soko liwe na wanunuzi au halina. Filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, ambamo alicheza Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, iliipeleka picha hiyo hiyo Afrika: nchi ya Wakanda ni tajiri na ina nguvu kwa sababu kimondo kiliangusha viburaniamu katika ardhi yake. Picha hiyo inapendeza, na ni haki ya Mwafrika kujiona mwenye fahari kwenye skrini. Lakini ukiichukua kama maelezo ya jinsi metali inavyotajirisha watu, imegeuza mambo juu chini. Metali hupata thamani kwa tanuri, kwa ujuzi wa mkono na kwa mtu anayeihitaji. Uadimu hupandisha bei pale tu vitu hivyo vitatu vikiwa vimekwisha kuwapo.

Tazama bismuthi, metali iliyowahi kuchimbwa kidogo hata Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Katika gamba la dunia ni adimu kuliko fedha, lakini bei ya kilo moja ya bismuthi haikaribii hata kidogo bei ya kilo ya fedha, maana matumizi yake ni machache na nyingi hupatikana kama zao la ziada la kusafisha risasi na metali nyingine. Tazama seriamu, mojawapo ya yale yanayoitwa madini adimu: imetapakaa ardhini kwa kiasi kinacholingana na shaba, na jina la uadimu limeigandia tu. Halafu itazame tantali inayotoka kwenye koltani ya Kivu. Mwaka 2000 bei yake ilipanda mara kadhaa ndani ya miezi, viwanda vya simu na vya kompyuta vikigombania kila kilo. Mwaka 2001 ikaporomoka. Katika miezi hiyo vilima vya Kongo ya Mashariki havikupungukiwa koltani wala havikuongezewa. Uadimu ulikaa pale pale, bei ikapanda na kushuka kwa sababu ya maghala na hofu za wanunuzi walio mbali. Na anayesema thamani ni uadimu anajifunga mwenyewe anapozidisha tani 320,158 kwa bei ya leo, kwa kuwa dhahabu nyingi kiasi hicho ingekuwa kama mara moja na nusu ya ile iliyopo duniani na kuivunja bei hiyo. Mansa Musa wa Mali alipopita Cairo mwaka 1324 akigawa dhahabu, thamani yake iliteremka katika mji ule, na al-Umari aliyeandika habari hizo anasema miaka 12 baadaye ilikuwa bado haijapanda kama zamani. Huwezi kushika uadimu kwa mkono mmoja na wingi kwa mkono mwingine, kisha ukadai malipo ya vyote viwili.

Hakuna metali inayolionyesha jambo hili wazi kuliko alumini. Ni metali iliyo nyingi kuliko zote katika gamba la dunia, karibu asilimia 8 ya uzito wake, lakini katikati ya karne ya 19 ilikuwa kitu cha wafalme. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington waliuvika kileleni piramidi ndogo ya alumini, kwa kuwa ilikuwa metali ya kuonewa fahari. Miaka miwili baadaye Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa njia yake, waligundua namna ya kuitoa kwa umeme, na bei ikaanguka moja kwa moja. Ardhi haikubadilika kwa chembe, ujuzi ndio uliobadilika. Leo metali ile ya wafalme inafika Katwe, hapa Kampala, ikiwa vipande vya injini zilizokufa, pistoni na rimu zilizopasuka, imefungwa katika magunia na kupimwa kwa kilo kama vyuma chakavu vingine. Mafundi wanaishindilia sufuria ya mfano ndani ya mchanga wenye unyevu, katika fremu ya sehemu mbili. Wanazitenganisha, wanaitoa sufuria, na penye unene wake panabaki utupu. Makaa yanapulizwa kwa feni, alumini inayeyuka ikifika nyuzi 660 za Selisiasi, takataka zinaenguliwa juu kama mapovu ya mchuzi, kisha inamiminwa bila kusita, maana ikikatishwa katikati sufuria itakuwa na mshono unaovuja. Mchanga ukibomolewa, kingo zinapigwa tupa, na chombo kinakwenda sokoni. Lupita Nyong'o aliyeonekana Wakanda mwaka 2018 alikuwa ameonekana miaka miwili kabla katika Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair kuhusu mtaa huo huo. Kama ni kutafuta mahali ambapo Mwafrika anaifanya metali kuwa mali, ninaichagua Katwe.

Wazee wetu walilijua hili, na walilihifadhi katika hadithi. Waganda husimulia habari za Walukaga, mhunzi mkuu wa Kabaka, aliyeamriwa afue mtu wa chuma anayepumua, anayetembea na kusema. Chuma alipewa tele. Hakuna katika hadithi anayelalamika kwamba chuma ni haba. Walukaga aliponea pale mwendawazimu mmoja alipomshauri aombe mkaa uliochomwa kwa nywele za watu na maji yaliyo machozi yao. Kabaka alipowanyoa na kuwaliza raia wake wote na bado mkaa haukutosha wala mitungi haikujaa, akakubali kwamba kazi haiwezekani. Aliyeitunga hadithi hii alijua kiwanda cha mhunzi kinavyofanya kazi: alijua kwamba pa kukwamia ni kwenye mkaa, kwenye maji na kwenye ufundi, na mawe yenye chuma ni sehemu nyepesi. Chuma ni kama asilimia 5 ya gamba la dunia, si adimu hata chembe, lakini majembe ya Bunyoro yaliuzwa Buganda na kwa majirani wengine, na sehemu nyingi za Maziwa Makuu jembe lilikuwa mahari na lilikuwa fedha. Ng'ambo ya mpaka, huko Buhaya, Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 katika jarida la Science kuhusu matanuri yaliyofanya kazi karibu na Bukoba miaka kati ya 1,500 na 2,000 iliyopita. Wazee wa Kihaya, waliokuwa wameuacha ufundi huo tangu majembe ya Ulaya yaujaze soko, waliwajengea tanuri upya. Shimo lilijazwa matete ya kinamasi yaliyochomwa nusu, yakatoa kaboni. Mirija ya udongo ikaingizwa hadi ndani ya tanuri, ili hewa ya viriba ipate joto kabla ya kukutana na makaa. Wataalamu wamebishana baadaye kuhusu joto hilo lilifika wapi. Hawakubishana kwamba palitoka chuma chenye kaboni, yaani feleji, kutoka katika mawe ambayo wengine waliyakanyaga tu. Matete ya kinamasi hayajawahi kuandikwa katika orodha ya hazina za taifa lolote, na hayo ndiyo yaliyoleta tofauti.

Anayeona mifano hii ni ya zamani mno aende Kasese. Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ulianza uzalishaji mwaka 1956, reli ilipofika Kasese. Shaba ikapelekwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa Owen Falls. Pamoja na shaba yalitoka mabaki ya piriti yenye kobalti zaidi ya asilimia 1. Yalimwagwa chungu karibu na Kasese mwaka baada ya mwaka, hadi yakafika karibu tani milioni moja. Mgodi ulifungwa, chungu kikabaki, mvua ikakiosha, na maji yenye asidi yakateremka hadi katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth na kuunguza majani, yakaacha ukanda wa ardhi tupu. Huo ulikuwa utajiri wa kobalti, metali ambayo leo dunia inaililia kwa ajili ya betri, na kwa miongo kadhaa kazi yake pekee ilikuwa kuua nyasi. Kisha wataalamu wakatayarisha njia ya kutumia bakteria wanaokula piriti na kuiachia kobalti ndani ya maji. Kampuni ya Kasese Cobalt ikajenga matangi, na kuanzia mwaka 1999 taka ile ile ikawa bidhaa. Ilipofika mwaka 2013 chungu kilikuwa kimekwisha na kazi ikasimama. Kati ya siku kobalti ilipokuwa sumu na siku ilipokuwa mali, uadimu wake haukubadilika. Kilichoingia katikati ni kijidudu kisichoonekana kwa macho, pamoja na watu waliojua kukilisha, kukipa hewa na kukitunzia joto. Ningependa kila mtoto wa shule Uganda aijue habari ya chungu kile kabla hajafundishwa kukariri orodha ya madini yetu kwa wilaya.

Kuna wanaojibu kwamba Uganda imekwisha kulielewa somo hili: madini ghafi yamezuiliwa kuuzwa nje, viwanda vya kusafisha dhahabu vipo, na dhahabu imeipita kahawa katika orodha ya mauzo ya nje, kwa mabilioni ya dola. Jibu hili linasikika kuwa zito, na linastahili kupimwa. Dhahabu inayopita Entebbe kwa sehemu kubwa haikuchimbwa Uganda. Inatoka nchi jirani, Kongo ikiwamo, na inafika ikiwa tayari dhahabu, yenye uchafu kidogo tu wa kuondoa. Kusafisha dhahabu ni kazi ya heshima, lakini hii ni metali ambayo kusafishwa kunaiongezea thamani kidogo sana. Ushahidi ulijitokeza Julai 2021. Serikali ilipoweka ushuru wa asilimia 5 kwa dhahabu iliyosafishwa, mauzo ya nje yaliyoandikwa yalikatika. Biashara inayonyamazishwa na asilimia 5 inaachia nchi kiasi gani, kama si sehemu ndogo kuliko hiyo asilimia 5? Mwaka 2023 ushuru ukageuzwa kuwa dola 200 kwa kilo, wakati kilo yenyewe ilikuwa na thamani ya dola 60,000 hivi. Ni theluthi ya asilimia moja. Mkulima wa kahawa wa Masaka anachuma, anaanika na kukoboa, na sehemu kubwa ya pesa hiyo inazunguka kijijini kwake. Kuiweka dhahabu juu ya kahawa katika jedwali moja ni kulinganisha mzigo unaopita na zao lililoota hapa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hili linaandika kilichopita mlangoni kana kwamba kilibaki nyumbani.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la Makuutu. Huko Busoga, katika udongo wa mfinyanzi, kuna metali za lile kundi la madini adimu, zinazotakiwa katika sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo, na wapo wanaosema hapo angalau uadimu utatupa sauti, kama ulivyoipa China. Nawaomba waitazame China vizuri. China ina migodi mingi, ni kweli, lakini inachoshika hasa ni usafishaji, karibu asilimia 90 ya ule wa dunia nzima. Kuzitenganisha metali hizi zinazofanana kama mapacha kunahitaji matangi mengi yaliyopangwa kwa mfululizo, na wakemia waliozeeka katika kazi hiyo. Aprili 2025 China ilipoanza kudai leseni kwa mauzo ya metali saba za kundi hili, viwanda vya magari vya nchi zenye migodi na zisizo na migodi vilitetemeka sawasawa, kwa kuwa mawe bila matangi hayavisaidii. Udongo wa Makuutu umekadiriwa kuwa tani milioni 532, zenye wastani wa gramu 640 za oksidi za metali hizi kwa tani. Ni hesabu inayoaminika, na mradi unastahili kutakiwa heri. Lakini mwenye hisa nyingi, Ionic Rare Earths ya Australia, ana kitengo kingine huko Belfast kinachozitenganisha metali hizo hizo kutoka kwenye sumaku zilizotumika. Belfast haina mgodi hata mmoja wa aina hiyo. Swali ambalo bunge na Chuo Kikuu cha Makerere vinapaswa kulishikilia ni tangi la kutenganisha litajengwa wapi, na nani hapa Uganda anafundishwa kulisimamia.

Nakubali kwamba uadimu si kitu bure. Dhahabu isingekuwa hazina ya benki kuu kama ingepatikana kila pembe kama mchanga. Ninachokataa ni kuupandisha cheo uwe chanzo cha thamani, kwa sababu kosa hilo lina waathiriwa wake. Kampala imejulikana kwa muda mrefu kuwa mji wa dhahabu bandia: mgeni anaonyeshwa sanduku, cheti chenye mihuri na vipande vinavyong'aa, analipia ushuru na bima ya mzigo ambao haupo. Tapeli hahitaji kueleza kazi ya mtu yeyote, mashine wala gharama, maana mteja amekuja tayari akiamini kwamba dhahabu ni mali iliyojikalia ikisubiri mwenye bahati. Imani hiyo hiyo iliwafanya wachimbaji wadogo wa Mubende waonekane wavamizi waliokalia hazina ya wengine. Agosti 2017 jeshi liliwaondoa kwa maelfu, wakaacha mashimo waliyoyachimba, mashine za kusaga walizonunua na soko walilolianzisha wenyewe. Kama thamani ingehesabiwa mahali inapotokea, watu wale wangeonekana kuwa sehemu ya hazina. Na mama wa Karamoja anayeosha mchanga katika karai, au kijana anayeshika zebaki kwa mkono mtupu ili inase chembe za dhahabu, hawasaidiwi hata kidogo na habari kwamba nchi yao ina trilioni 12. Anayewasaidia ni yule anayewaletea kifaa cha kunasa dhahabu bila zebaki, mizani ya haki na bei iliyoandikwa ukutani.

Hata watunzi wa michezo wamekuwa wakilikubali hili kidogo kidogo. Katika Skyrim, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2011, mchezaji anaweza kujaza mfuko madini ya eboni mapema kabisa, lakini hawezi kufua upanga wa eboni mpaka ujuzi wake wa uhunzi ufike kiwango cha 80, naye hukifikia kwa kufua vitu vingi vya kawaida kwanza. Wizara yetu ya madini ingefanya vyema kuwa na kanuni ya aina hiyo: kila tangazo la ugunduzi lisomwe pamoja na gramu kwa tani, jina la aliyekagua sampuli, gharama ya umeme na maji, na mahali metali itakapoyeyushwa. Mwandishi wa habari asipopewa hayo asiandike kichwa cha habari, na msomaji asipoyaona asiamini. Agosti 2025 Rais Museveni alifungua mgodi wa Wagagai huko Busia, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu nchini, uliogharimu dola milioni 250. Ukifanya kazi kwa uwezo wake wote utasaga tani 5,000 hivi za mwamba kwa siku na kutoa tani 1.2 za dhahabu kwa mwaka. Kwa mwendo huo, kuzifikia tani 320,158 zilizotangazwa mwaka 2022 kungechukua zaidi ya miaka 266,000.